Ngozi Mliyonitia Moyoni Bila Kuniuliza

Kwa Mheshimiwa Profesa Wagdi,
Mkuu wa Wodi ya Moyo, ghorofa ya tano, mlango wa kioo,
Iskandaria.

Kutoka kwa Haji Desuki Abulenein,
Mwamsha Daku, Mtaa wa Wasuka Mikeka, Rashid. Nyumba haina namba. Uliza yeyote.

YAH: NGOZI YA NG'OMBE MLIYONITIA MOYONI BILA KUNISHAURI, PAMOJA NA MENGINEYO

Profesa wangu mheshimiwa,

Amani ya Mungu ikushukie wewe na wauguzi wako wote, isipokuwa yule wa zamu ya asubuhi aliyeninyima chumvi. Huyo naye nampa nusu ya salamu, kwa kuwa mimi ni mtu wa dini.

Ama baada ya salamu, usishangae mwandiko. Binti yangu Inshirah ni mwalimu, na alitaka aniandikie yeye. Nikamwambia, "Malalamiko ni kama jino bovu, kila mtu hung'olewa la kwake." Shule sikukaa sana, mwalimu mwenyewe aliona nimeshajua vya kutosha. Kwa hiyo mahali utakapokwama kusoma, kosa ni la macho yako.

Kwanza ujue unaandikiwa na nani. Mimi Desuki ndiye ninayewaamsha watu wa mji wetu wa Rashid ili wale daku mwezi wa Ramadhani. Si Rashid nzima, sitaki uongo, ni ile nusu yenye akili. Baba yangu aliamsha, na baba yake aliamsha. Ngoma yangu ni ndogo, bakuli la shaba lililowambwa ngozi ya mbuzi, naipiga kwa kipande cha mkanda. Napita chini ya madirisha na kumwita kila mtu kwa jina lake: amka Abdulmawgud, amka Umm Hilal, amka wewe bwana harusi, mke hakimbii. Huyo Abdulmawgud ni kiziwi, mlango wake naupiga kwa kiatu. Hajapata kutokea mtu mtaani kwetu akafunga na njaa kwa kosa langu. Kama yuko, ajitokeze. Hajitokezi.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye mliyemlaza kitandani kwenu, mkamwambia mlango mkubwa wa moyo wake umeota chokaa kama birika la chai, na kwamba umri wake hauruhusu kupasuliwa kifua, kwa hiyo mtapitisha mrija na kumtilia mlango mpya, wenyewe mnauita vali. Nikakubali. Mlinikuta nimechoka, napumzika mara mbili kwenye ngazi moja. Na kazi mliifanya, sikatai, kesho yake nilikwenda msalani mwenyewe, mkono nyuma, kama pasha. Lakini toka hapo mambo yameharibika, na sasa mnanitumia ujumbe kila asubuhi kwenye simu ya Inshirah kwamba nirudi upesi niwekewe kitu kingine. Kabla sijarudi, na sirudi, sikiliza malalamiko yangu.

LA KWANZA ni njia mliyopita. Mlipita pajani, Profesa. Moyo wa mwanamume uko kifuani, mbele, mahali panapoonekana na watu wote. Ninyi mkazunguka nyuma ya nyumba mkaingilia jikoni. Mke wangu Tafida aliposikia nalalamika alicheka mpaka shela ikamtoka. "Baba Inshirah, ulitaka wapige hodi?" Ndiyo, nilitaka. Mimi mwenyewe sijawahi kuingia mtaa wa watu bila kupiga ngoma kwanza.

LA PILI ndilo kubwa. Nilimuuliza yule daktari wenu kijana, Daktari Shahinda, ambaye ni mdogo kuliko kitukuu cha dada yangu lakini anatembea kama ameijenga ile hospitali, hiyo vali imetengenezwa kwa kitu gani. Akaniambia bila haya, "Ngozi ya ng'ombe, Haji, imeshonwa kwenye wavu wa chuma."

Nikakaa. Nikamwambia, "Ng'ombe?"

"Ng'ombe, Haji. Ni salama, usiwe na wasiwasi."

"Ngozi ya mgongo au ya tumbo?"

"Si ya mgongo wala ya tumbo. Ni utando unaofunika moyo wake."

Utando! Mtaani kwetu utando tunawapa paka. Profesa, mimi nimechagua ngozi maisha yangu yote. Nikiingia kwa watengeneza ngozi, huwa wananificha nzuri kwa sababu wanajua nitaziona. Ngozi ya ng'ombe ni ya ngoma kubwa, ile ya harusi, inayobebwa na mtu mnene. Sauti yake nzito, inachelewa kuanza na inachelewa kunyamaza. Ngoma ya kuamshia watu ni ya mbuzi, tena mbuzi jike aliyelishwa majani mabichi ya bersimu, ambaye hajazaa. Kila mtu anajua. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia ngozi kwake, nami nimeona mlivyovuta: mlikuwa na utando wa ng'ombe umejaa kwenye makabati, mkatafuta pa kuutia, mkaniona mimi. Mngeniuliza tu. Ningekuja na ngozi yangu.

LA TATU linazaliwa na la pili, kama ugomvi unavyozaliwa na harusi. Niliporudi kupimwa, Daktari Shahinda alinipaka yale mafuta ya baridi kifuani, akatazama kwenye televisheni yake ndogo, akasema vali inafanya kazi, ila damu kidogo inavuja pembeni, tutaiangalia. Tutaiangalia! Ngoma ikivujisha pumzi pembeni haiangaliwi, inakazwa. Ngozi imelegea, na inayolegeza ngozi ni unyevu, na ndani ya mtu kuna nini kama si unyevu? Dawa yake ni moto. Baba yangu aliijua, na hata Tafida, asiyejua lolote, anaijua: kabla ya kutoka unaishika ngoma juu ya makaa, unaigeuzageuza, mpaka sauti itakate.

Kwa hiyo nilikwenda kwa Fathallah mwoka mikate, nikafungua vifungo, nikakaa mbele ya mdomo wa tanuri, kifua wazi.

Fathallah ni mtu wa mdomo. Akaniambia, "Haji, upande huu umeiva. Nikugeuze?"

"Nyamaza wewe. Nakaza ngozi."

"Ngozi gani?"

"Ya ndani."

Akawaambia wateja, "Msiondoke, Haji Desuki anatoka na mikate ya saa nne."

Nilikuwa nagonga kifua kwa kidole na kusikiliza, na naapa, Profesa, sauti ilikuwa inatakata. Nikasogea karibu kidogo. Nilichokiona baada ya hapo ni dari. Nilikuwa nimelala juu ya ubao wa mikate mibichi ya watu wa arobaini ya marehemu, na Fathallah ananipiga makofi kwa mikono ya unga huku analia, "Haji, inuka, usinifie kwenye unga!" Mikate ile ilitoka na sura yangu. Watu walikula, wakamwombea maiti, hakuna aliyelalamika.

Mimi najua kilichotokea: nilisogea mno, ngozi ikakaza kupita kiasi. Lakini Daktari Shahinda alipoelezwa na Inshirah (mtoto huyu ulimi wake hauna kizibo), alisema, "Haji, umejianika kama bamia?" Kisha akasema moto hauna uhusiano wowote na vali, ila ungeweza kuniua, na kwamba kilichoniangusha ni kingine. Hapo ndipo tunapofika kwenye tusi lenyewe.

LA NNE. Alinibandika nyaya kifuani, mashine ikatema karatasi yenye milima na mabonde. Akaisoma, uso ukabadilika. Nakuandikia maneno yetu kama yalivyokuwa, ili uamue wewe nani mwenye adabu.

"Haji, moyo wako unaruka mapigo."

"Moyo wa nani?"

"Wako."

"Binti yangu, mimi ni Desuki."

"Najua, Haji."

"Desuki haruki pigo."

"Karatasi inasema anaruka."

"Basi karatasi haina masikio. Kimya nacho ni pigo. Mpiga ngoma mbaya anajaza kila mahali, mpiga ngoma mzuri anaacha nafasi, mtu alale kidogo tena, halafu unamshtua."

Akavuta kiti, akakaa karibu kabisa, akasema polepole, "Haji, kimya cha sekunde nne si ngoma. Kimya cha sekunde nne ni mtu anayeanguka. Cha sekunde kumi ni mtu asiyeinuka."

Akachora. Kwamba ndani ya moyo umo uzi unaoteremsha amri kutoka chumba cha juu hadi cha chini, unapita ubavuni kabisa mwa ile vali, na chuma chenu kimeubana. Juu wanaita, chini hawasikii. Kwa hiyo chini wanapiga wanavyojua wao, taratibu, na siku nyingine watanyamaza kabisa. Alisema hutokea kwa baadhi ya watu, si uzembe wa mtu. Sawa. Lakini nilimjibu, na nakujibu wewe pia: huo mwendo wa taratibu naujua. Katika ngoma ya daku yapo mapigo ya kuukaribisha mwezi, mepesi, ya furaha, na yapo mapigo ya usiku wa mwisho mwisho, tunapouaga. Hayo ni mazito, unapiga, unatembea hatua kadhaa, ndipo unapiga tena, na wanawake wanalia madirishani. Moyo wangu umechagua mapigo ya kuaga. Ni uamuzi wa fundi. Daktari Shahinda aliikunja karatasi yake. Inshirah alitoka nje kidogo, nadhani alikuwa na mafua.

LA TANO, na hapa nakuomba ukae. Mnataka mnichane chini ya mtulinga mnitie betri. Kiboksi kama cha kiberiti, na nyuzi mbili hadi moyoni, ndicho kipige badala yangu. Shahinda anakisifia kama mtu anayeuza tikiti maji. "Hakichoki, Haji. Hakisahau. Kinakaa kinasikiliza, ukinyamaza tu kinapiga."

Profesa! Kwani mimi nilisahau lini?

Hii habari naijua. Mtaani kwetu yuko dereva wa bajaji anaitwa Zizo. Mwaka jana alifunga spika juu ya bajaji yake, akarekodi ngoma kutoka kwenye simu, akawa anapita mbio kabla yangu. Na yeye anasifia vilevile, haichoki, haisahau. Watu walifanyaje? Waligeuka upande wa pili wakalala. Mashine inapiga kelele, haiamshi. Pigo la kumwamsha mtu lina ufundi, lina uzito wa mkono, lina kujua huyu ni nani na amelala na nini moyoni. Kiboksi kinamjua nani? Kinajua jina la nani? Pigo la kitu kisichojua kupiga halijamwamsha mtu tangu dunia iumbwe, na hilo ndilo jambo ninalolisimamia, hata mkija na askari.

Na mjue Ramadhani iko mlangoni. Zizo ameshanunua spika ya pili. Ameniuliza dukani, mbele ya watu, "Haji, afya? Mwaka huu upumzike, baba." Nikipita mtaani nina betri kifuani, nitamwambia nini? Kwamba yeye ameiweka juu ya bajaji na mimi nimeiweka ndani?

Tafida hasemi hivyo. Tafida anasema, "Ngoma ivumayo haikawii kupasuka, Baba Inshirah." Anasema hivyo akiosha vyombo, akikunja nguo, akinipa dawa. Jana aliacha kusema, akawa ananitazama tu nikipanda ngazi. Hilo nalo nalilalamikia, ingawa sijui niliweke namba gani.

Kwa hiyo, Profesa, kwa heshima zote, naomba yafuatayo yatekelezwe.

Kwanza, utando wa ng'ombe utolewe, iwekwe ngozi ya mbuzi. Msihangaike kutafuta. Ninayo, iko juu ya paa inakauka, nimeshaikwangua vizuri kwa chupa. Kinachobaki mnipe vipimo vya mlango.

Pili, mkishindwa, na kama betri haina budi, basi isipige kwa kichwa chake. Niletwe nayo chumba kimoja, nipige ngoma, yenyewe isikilize na kujifunza kwa adabu mpaka nitakapoikubali. Ikikosea, irudie.

Tatu, nilipolala kwenu nilisikia mashine zote za wodini zinalia, kila moja na mwendo wake, huyu tii, yule tii-tii, yule wa pembeni amechanganyikiwa kabisa. Aibu. Wagonjwa watapona vipi kwenye ngoma iliyovurugika hivyo? Nashauri wodi nzima ichukue pigo moja, kutoka kwangu. Nitakaa katikati, kwenye kiti chenye mgongo, chai iwe nyeusi.

Nne, kwa kuwa pigo litakuwa langu, ni haki kwamba niwe Mkuu wa Mapigo, wewe ubaki Mkuu wa Wodi. Hatutagombana. Daktari Shahinda atakuwa chini yangu. Ana mkono mzuri, nikimfundisha atafaa.

Tano, kama haya yote hayatawezekana kabla ya Ramadhani, basi tafadhali waandikie wanaotazama mwezi, kwa karatasi yenye muhuri wako, kwamba wasiharakishe kuuona. Wakitazama wafumbe jicho moja. Mwezi umekuja kwa wakati wake miaka yote, hautadhurika kwa kungoja mtu mmoja.

Sina zaidi. Mimi si mtu wa maneno mengi.

Wasalimie madaktari wote, na yule mzee wa kitanda cha dirishani aliyekuwa ananiibia chungwa, mwambie nilikuwa nahesabu. Msalimie mpishi, mwambie dengu zake zina nia njema. Wasalimie wabeba machela, wafagiaji, na mama wa mapokezi mwenye kikohozi. Fathallah anakusalimu na kuuliza kama mnahitaji mkate. Tafida anakusalimu. Inshirah anakusalimu zaidi kuliko inavyostahili.

Ni mimi, mwenye moyo wake mwenyewe na mkono usiotetemeka,

Haji Desuki Abulenein
Mwamsha Daku, mtoto wa mwamsha daku

TANBIHI. Profesa, barua ilikuwa imekwisha kama unavyoona, na sahihi nimeshatia. Ilikuwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Nilisimama kwenda kutafuta bahasha.

Sikuifikia. Sijui nilikuwa wapi wala kwa muda gani. Palikuwa kimya, Profesa, kimya ambacho mimi sikukipiga. Halafu kwa mbali nikasikia ngoma. Ngoma yangu, sauti naijua, lakini imepigwa na nani, Mungu wangu! Haina mwanzo, haina mwisho, pigo hapa, matatu pale, moja pembeni ya shaba kabisa, kama mtu anaua nge kwa sufuria. Katika maisha yangu sijapata kusikia ngoma mbaya namna ile. Na katikati ya uharibifu ule mtu anaita, "Desuki! Amka, Desuki! Desuki!"

Alikuwa Tafida. Yuko dirishani kichwa wazi, anapiga kwa mwiko. Toka Inshirah azaliwe hajawahi kunitaja kwa jina langu. Na mimi miaka yote hii nawaita watu chini ya madirisha yao, lakini mwamshaji haamshwi, nani amwamshe? Sikuwahi kusikia jina langu likiitwa kwa ngoma. Sikujua kwamba lina sauti ile.

Mtaa mzima ulitoka. Hata Abdulmawgud alitoka, akauliza nani anavunja ukuta. Watu walijaa kwenye ngazi wengine wana sabuni usoni. Nikafungua macho, nikataka kumwambia Tafida mkono ulegee, usibane. Nikaona anavyolia huku anapiga. Nikamwacha amalize.

Barua hii naileta mwenyewe. Niko hapa chini mapokezi, Inshirah anaandikisha jina, Tafida ameshika begi na hataki nimsaidie. Mama wa kikohozi anasema Daktari Shahinda anashuka.

Yale maombi matano yaweke pembeni. Leteni hicho kiboksi. Na msihangaike kukifundisha, kipige hovyo kinavyotaka, hata kama alivyopiga Tafida, ilimradi niamke.